Mikono ya Hodan

Ijumaa, 13 Juni
Baada ya swala tulimpigia Hodan video, kama kila Ijumaa. Mdogo wangu hasikii. Anasoma shule ya viziwi Garissa mjini, sisi tuko huku Balambala. Mwalimu humshikia simu, yeye huongea kwa mikono. Ndiyo maana kasi ya skrini yangu naiacha mia na ishirini kwa sekunde, picha ibadilike upesi. Nikishusha, naogopa mikono itakatikakatika.

Leo akaweka kiganja tumboni. Simu ikazima. Betri kwisha.

Kwetu kiganja tumboni ni maumivu. Hooyo, mama yetu, hakugusa chakula cha jioni.

Jumamosi, 14 Juni
Mawingu tena. Sola haijazi kitu. Nimechaji dukani, nikampigia mwalimu. Anasema Hodan mzima, yuko uwanjani anacheza. Hooyo hataki kusikia. Mwalimu anajua ishara za shule, anasema, za nyumbani atazijulia wapi? Naichukia hii simu.

Jumanne, 17 Juni
Tumekwenda na Hooyo kwa fundi wa simu, mtu wa Mwingi. Anasema kasi ya skrini ndiyo inayokula betri bure. Tushushe hadi sitini, video haihitaji zaidi. Nikabisha. Sitaki kupoteza hata kidole kimoja. Hooyo akaingilia kwa Kiswahili chake cha sokoni, kisicho na "p":

"Bunguza yote, lakini mikono ya mtoto usibunguze."

Fundi hakucheka. Akasema, "Sawa, mama." Nimempenda kwa hilo.

Ijumaa, 20 Juni
Sitini. Roho juu. Mikono ikaja ileile, sikuona tofauti yoyote.

Hooyo akauliza, kiganja tumboni, uso umekunjamana. Hodan akaweka chake. Kisha akapandisha kidole hadi puani, akafumba macho.

Tumbo halafu pua: ishara yetu ya nyumbani. Maziwa ya ngamia ya nyumbani, ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Anayatamani, basi. Wiki nzima tumeumia kwa nusu ya neno!

Hooyo alicheka mpaka machozi. Walipomaliza kuongea waliendelea kutazamana tu, na betri bado ipo. Sikukata.

Jumamosi, 21 Juni
Shule haifungi karibuni. Hata hivyo Hooyo ameosha kibuyu cha Hodan, sasa anakifukiza. Nyumba nzima inanukia moshi.