Ile Dawa Ingine

Bukavu, Jumanne

Kwa nini aniulize mbele ya bwana yangu! Muganga wa dispensere ya Kadutu alinipima tansiyo, ile presha ya damu, mara mbili, akakunja uso. "Citoyenne, iko dawa ingine unakunywaka?"

Bwana yangu aliketi pale, ameshika sakoshi yangu ya mukono. Anangojea mutoto wa tano. Nikasema hapana.

Tangu nizae wa ine ninameza vidonge vya kuzuia mimba, yeye hajui. Wanasema vinaweza kupandisha tansiyo. Kichwa hiki, na miguu kuvimba... Kama ningeingia peke yangu, ningesema.

Jioni bwana yangu aliniletea maji ya kumeza kidonge ya tansiyo niliyopewa na muganga. Aliporudi kuchukua kopo, akauliza, "Mama Bahati, umeshakunywa?"

"Ndiyo."

Sikumuambia kama nilimeza mbili, ya tansiyo na ile ingine.