Niliwaambia Anakaa Kismayo

Mpendwa Baba Shee,

Mungu akunawirishie kaburi. Anayeandika ni dada yako, mimi nasema tu. Kashaanza kunigombeza: "Wifi, sema la maana!" Haya.

Mwanao Shee alimvunja mchu, mvuvi mwenzake, jino pale soko la samaki Kismayo. Barafu tu waligombea! Wewe hupo, nikaenda mimi kotini. Hakimu hakumtia jela, kampa kifungo cha nje. Akauliza, "Anakaa wapi?" Nikaona nikisema kwetu Koyama watadhani atatorokea kisiwani. Nikawahi: "Hapa hapa Kismayo, kwa binamu yake." Shee kanitazama tu. Angenikanushaje mamake mbele ya wachu?

Basi sharti likawa kila Jumatatu, saa mbili asubuhi, akatie kidole kituo cha polisi. Saa mbili! Maji ya bahari yana saa mbili? Wiki hii yajaa alfajiri, wiki ijayo saa hiyo mashua imelala mchangani. Na binamu mwenyewe kahamia Mombasa, mlango una kufuli, mchu atangulie Jumapili alale wapi? Mara mbili kafika adhuhuri, askari kaandika hakuja. Ya tatu ni jela.

Wakumbuka ndugu yako alipokata wavu wa jirani, lile jarife lake la papa? Ukamsimamia wewe. Nami nina mimba, Shee tumboni, nala ukwaju kama kichaa, nawe ukiuficha! Wazee walimuuliza kwanza, "Waweza nini?" Akasema Ijumaa. Ikawa kila Ijumaa wakitoka kusali ampa mwenye jarife mkono, msikiti mzima waona. Hakukosa hata moja. Ukanambia, "Mchu mwulize awezalo, ndipo umfunge."

Kesho nakwenda kwa hakimu. Nitamwambia nilisema uongo, mwanangu wa Koyama. Ajionyeshe kwa mzee wa mji wetu, mzee apige simu kituoni. Au waandike siku tu, saa waiache.

Lakini naogopa, Baba Shee. Huenda wakasema mama mwongo, mwana mwongo, wakamchukua pale pale kwa ulimi wangu. Na nisipokwenda, watamchukua Jumatatu.

Dada yako kaweka kalamu, analia. Nimemwambia amalize.

Uniombee. Nikirudi naye, nitakuja kaburini kukwambia. Nisiporudi naye, sijui nitakuja na uso gani.

Mkeo,
Mama Shee