Mti Mmoja, Alhamisi Mia Tatu

Mpendwa Bi. Verity,

Kwa miaka sita nimewaficha marafiki zangu saba kwamba sioni miti ninayoichora, na sasa naomba ushauri wa safu yako gazetini upesi, maana daktari wa moyo amenishauri nisijiwekee miadi ya mbali. Naandika kwa herufi kubwa za darasa la kwanza. Nisamehe mistari ikipandana.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, nina miaka themanini na saba, na kila Alhamisi asubuhi kundi letu huenda kando ya Mto Murray, hapa Australia, na viti vya kukunja na penseli za mkaa kuchora mikaratusi, na niamini, hakuna dawa iliyowahi kunituliza kama saa mbili zile za harufu ya majani yenye umande na makelele ya kasuku weupe, mkono ukitembea wenyewe kwenye karatasi, hata moyo wangu huu mbovu hupiga kwa adabu. Lakini macho yaliingia ukungu katikati, nikitazama shina linafutika, nabakiwa na vipande vya pembeni tu, kwa hiyo nikaanza kuchora mti ule ule niliouchora ubaoni miaka thelathini na minne nikifundisha jiografia, shina limepinda kushoto, matawi matano, mizizi mitatu, na hakuna aliyegundua, kwa sababu kundi lina sheria yake: mwishoni tunalaza michoro kwenye nyasi, kila mtu anasema neno moja jema juu ya kila mchoro, na ni marufuku kuulinganisha na mti wenyewe.

Siku moja walichora mti uliouawa na moto, mweusi, hauna jani hata moja. Mimi nikaweka majani tele.

"Jamani, Mwalimu ameona matumaini!" akasema Noreen, mjane anayetuongoza, na Clive, fundi bomba mstaafu, akafuta machozi.

Mara nyingine huyo Clive alininong'oneza, "Mwalimu, mti uko huku. Hapo umelikabili tangi la maji."

"Kijana," nikamwambia, "mimi huuchora mti kwa kuupa mgongo."

Kijana mwenyewe ana miaka sabini na moja. Wiki iliyofuata watu wanne waligeuza viti vyao wakalitazama tangi.

Sasa Noreen ameandaa maonyesho ya michoro yangu maktabani, tarehe kumi na nne mwezi ujao. "Tunataka kukuenzi ukiwa hai, Mwalimu," anasema, "ukishakufa utakuwa na visingizio." Anataka michoro sitini, ukuta mmoja, bega kwa bega. Sitini, Bi. Verity, na yote ni mti mmoja! Lakini nikisema sioni, najua wataniambia kwa upole nibaki nyumbani nisikilize redio, na bila Alhamisi sijui nitakuwa naamka kwa ajili ya nini. Je, niseme, au nijitahidi kufa kabla ya tarehe kumi na nne?

Mwenye Mti Mmoja

*

Mwalimu,

Usife. Kwa jinsi ulivyomwelezea Noreen, atafungua maonyesho hata jeneza likiwa mlangoni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili nimecheka, ya tatu nimekukasirikia. Pole sana kwa macho. Hilo si kosa lako. Lakini umewaacha watu wazima wanne wachore wakitazama tangi la maji! Ungemfanya nini mwanafunzi aliyekuletea jibu moja kwa miaka sita? Na hao unaowaogopa ni watu waliokulilia majani ambayo hayakuwepo. Unadhani watakufukuza kwa sababu ya ukungu?

Alhamisi hii, kabla chai haijamiminwa, simama useme: "Sioni." Usiongeze falsafa. Kisha mwombe Clive akushike mkono hadi kwenye shina. Lipapase gome, linuse, mwache akueleze tawi moja baada ya jingine, halafu rudi kitini uchore ulichoshika na ulichosikia. Kiti kiwe mbali na matawi, siku ya joto mikaratusi ya mtoni huangusha tawi zima bila hata upepo, nawe hutaliona likija. Michoro yote sitini itundikwe. Nusu ya mji huo imekaa darasani kwako. Wataujua mti huo kabla hawajavua kofia.

Ila kuna jambo umeliruka, na mwalimu haruki kitu kwa bahati mbaya. Hofu yako ni kubwa kuliko michoro. Nimeona muhuri wa posta kwenye bahasha: kutoka mjini kwenu hadi mtoni ni kilomita kumi na nane za vumbi. Unafikaje huko? Nijibu, na usizunguke.

Verity

*

Mpendwa Bi. Verity,

Nimesema. Kisha Noreen akauliza, "Kwa hiyo yale majani hayakuwa matumaini?" Nikamwambia hayakuwa. Clive akasema hata hivyo hatadai kurudishiwa machozi yake, akanishika mkono tukaenda kwenye shina. Gome lilikuwa la moto upande mmoja na baridi upande wa pili. Nilichora kitu kinachofanana na kiazi. Kila mtu akasema neno jema.

Wakati wa kurudi nilitoa funguo mfukoni, nikampa Clive. Akazipokea, wengine wakasogea karibu, nikasikia Noreen anakaa chini kwenye nyasi. Hili ndilo nililoliruka: basi dogo la kundi, kwa miaka yote sita, dereva nilikuwa mimi.