Nyota Ziko Wapi

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Kazi ya kukata lenzi za miwani inakwenda, na bosi bado hajajua kikombe chake nilikivunja mimi.

Najua hatujaandikiana tangu mazishi ya Mama, mwaka na miezi minne sasa. Tuliyoambiana siku ile siyarudii. Nina swali la kazi, na fundi wa kulijibu namjua mmoja tu.

Nina darubini, nayo napigia picha nebula, yale mawingu makubwa ya gesi na vumbi huko juu angani. Ninayoitaka imekaa katikati ya umati wa nyota. Nimepiga picha mia mbili za mahali pale pale, kompyuta ikazipanga moja juu ya nyingine zikawa moja. Lakini wingu ni hafifu. Nikiongeza mwanga lionekane, nyota nazo zinavimba kama maharage yaliyolowekwa, zinalifunika lote. Chama chetu cha wapiga picha wa anga kina maonyesho mwezi wa saba. Nataka yangu itundikwe, Baba, na itatundikwa. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Binti yako,
Macho Manne

20 Februari

Macho Manne wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Mgongo bado una kiburi, ila mkono hautetemeki. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa studio. Kulikuwa na mteja wa picha ya pasipoti, nikamwambia akae kimya, mwanangu anaongea.

Sasa sikiliza. Usiwape wote mwanga mmoja. Bibi harusi mweusi ndani ya gauni jeupe, ukimpendelea mmoja unamharibu mwenzake. Wakati wa kuchapa picha nilikuwa nakata kadi kwa umbo la uso, naukinga chini ya taa, kila kimoja kinapata kipimo chake cha mwanga. Nawe tenganisha wingu na nyota. Lihudumie wingu peke yake, kisha nyota uzirudishe nyumbani kwao, taratibu.

Na negativu, ile filamu ya asili, usiiguse kamwe! Chezea nakala. Haraka haraka haina baraka, hata kwa kompyuta.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Habari za huko, na mgongo? Huku ni kuzuri.

Nimefanya ulivyosema. Kuna programu inayofuta nyota zote kwa mkupuo. Nilipobonyeza, wingu likabaki peke yake, jekundu, lina mikunjo kama shuka lililolaliwa. Baba, nililia mbele ya kompyuta mchana kweupe.

Nyota sikuzirudisha. Zilikuwa fujo tu. Programu iliacha vishimo vyeusi hapa na pale, nikavipaka kwa brashi ya kompyuta, hakuna atakayeona. Kamati ya maonyesho wameshapelekewa. Nakala yako ndiyo hiyo ndani ya bahasha, itazame kisha unisifu.

Macho Manne

3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo leo umekubali.

Wingu ni zuri, nakusifu. Lakini kulia chini, upana wa ukucha, pamepakwa. Na juu kidogo ya katikati pia. Brashi naijua, mwanangu, nimeishika miaka thelathini na tisa. Mzoea kutwanga hadanganywi kwa unga.

Na nyota ziko wapi? Mtu akiniuliza wingu hili liko upande gani wa mbingu, nimwonyeshe nini? Zilikuwepo, nawe umezifuta kwa sababu zilikukera. Zirudishe.

Baba yako

19 Mei

Baba,

Shikamoo. Afya yangu njema, hasira tele.

Kamati wameirudisha. Wanasema imepakwa na haina nyota, maneno yako yale yale. Wamenipa wiki tatu. Lakini wao sikuwakasirikia, nimekukasirikia wewe. Wewe ndiye wa kuniuliza nyota ziko wapi? Kovu la Mama liko wapi? Ile picha kubwa ya mazishini ulimpa shavu laini kama la mgeni. Lile kovu alilolipata jikoni nilikuwa nalishika kila aliponibeba. Nilikwambia huyu si Mama, ukanijibu umemrembesha, nikaondoka kabla ya watu kutawanyika.

Na sasa nimefanya lile lile kwa mikono yangu, ndiyo maana inaniuma. Nyota nimeanza kuzirudisha. Nimezipunguza ukali tu, kila moja pale pale ilipokuwa. Faili ya asili sikuigusa, ulinifundisha vizuri.

Negativu ya Mama unayo?

Macho Manne

14 Juni

Baba,

Shikamoo. Picha imekubaliwa, na nyota zake zote. Nilikwambia itatundikwa!

Hujanijibu. Mgongo?

Macho Manne

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Mgongo hauna kosa. Wiki sita nimekuwa nikifungua droo na kuifunga.

Negativu ipo, sikuwahi kuigusa. Jana nimeiingiza chumba cha giza nikachapa picha hii. Kovu lake lipo.

Hakulipata jikoni. Ulikuwa na miaka mitatu. Nilichemsha maji ya kupashia dawa za kusafishia picha, nikaacha sufuria ukingoni mwa meza ya studio, nikaingia ndani. Wewe ukaufikia mpini. Mama yako akajitupa katikati. Habari ya jikoni aliitunga yeye siku ile ile, na hakunikumbusha ukweli hata mara moja, hata tulipogombana. Siku ya mazishi nilishindwa kulitazama lile kovu, nikachukua brashi. Sikumrembesha, mwanangu, nilijificha.

Ukiona huwezi kuniandikia tena, nitaelewa. Picha baki nayo.

Baba yako

23 Julai

Baba,

Shikamoo. Bahasha imefika, hata kona haikukunjika.

Siku mbili nilikukasirikia, sikufichi. Siku ya tatu nimemtundika Mama ukutani. Nimemtazama sana. Alinyamaza miaka yote ile ili nikupende bila kikwazo, na alifaulu, Baba, nakupenda. Kazi yake siwezi kuiharibu mimi.

Maonyesho yanafungwa tarehe kumi Agosti. Tiketi yako ya basi ni hii hapa ndani. Macho yako nitayapima mwenyewe, maana hiyo miwani unayovaa ni aibu kwa ukoo wenye fundi. Na fremu ya Mama imekaa upande. Sitaigusa, utainyoosha wewe ukifika.

Binti yako,
Macho Manne