Rangi ya Koti la Kaz

Milwaukee,
26 Oktoba 1958

Kwa Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti halikusumbui kama lilivyokusumbua siku za mazishi ya Mama. Sisi huku hatujambo, ila Kaz ana mafua ya kiwandani na mimi sipati usingizi.

Mwaliko wako wa kuwinda kulungu umefika. Kaz ameusoma mara nne, mara ya mwisho akiwa bafuni. Mume wangu hajawahi kuwinda kitu kikubwa kuliko panya wa ghalani, lakini sasa anapita sebuleni kwa kunyata, anamvizia paka. Jumamosi alinivuta hadi kwenye duka linalouza nguo za jeshi zilizobaki tangu vita. Akajaribu kombati za mabaka, zile walizovaa wenzake kule visiwani Pasifiki, upande mmoja kijani na ukizigeuza ni rangi ya udongo. Akasimama mbele ya pazia la duka akaniuliza kama namwona. Nikamwambia naliona tumbo.

Nacheka, Baba, lakini naogopa. Nimekulia huko, najua siku ya kwanza ya msimu kila mti una mtu na kila mtu ana bunduki. Mtu aliyejificha kulungu asimwone, mwenzake mwenye bunduki atamwonaje? Wewe umewinda miaka arobaini. Niambie nimvishe nini ili arudi nyumbani.

Binti yako,
Lempi


Shambani, Ziwa la Misonobari,
2 Novemba 1958

Mwanangu Lempi,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Mimi nipo. Goti linauma linapotaka nami nalitukana kwa Kifini, lugha inayolifaa. Tangu mamako aondoke nakula nikiwa nimesimama, maana nikikaa naona kiti cha pili.

Tuje kwenye nguo. Mwambie Kaz mabaka si mabaya, yanavunja umbo la mtu, na kulungu anachokijua ni umbo la mtu na mtikisiko wake. Lakini kitambaa cha jeshi kina kelele, kila tawi likikigusa kinakwaruza. Avae sufu juu yake. Vifungo vinavyong'aa avipake masizi. Avae glavu, maana mikono ya mtu wa mjini inaonekana maili nzima. Na asije na leso nyeupe. Kulungu akikimbia huinua mkia, na chini yake ni mweupe. Mtu akitoa leso apenge kamasi, hakosekani mpumbavu atakayedhani ameona mkia.

Nguo zote zifue kwa magadi tu, kisha uzianike nje siku tatu pamoja na matawi ya mwerezi. Usitumie sabuni yoyote yenye harufu. Ile ya mamako ya maua hata usiisogeze karibu, kulungu wataisikia toka Kanada.

Koti la juu lisiwe jekundu. Mtafutie la manjano, manjano ya kuwaka. Usiniulize mengi.

Baba yako


Milwaukee,
8 Novemba 1958

Baba mpendwa,

Nashukuru kusikia unaendelea vyema, ingawa kula umesimama si kula. Kaa chini.

Baba, manjano? Muuzaji aliniangalia kama niliyeomba gauni la harusi. Sheria ya msimu inataka nyekundu, na wewe mwenyewe ni mwekundu kila mwaka kuanzia kofia hadi kiuno, Mama ndiye aliyekuwa akikununulia. Iweje mume wangu ndiye asivae?

Nimemnunulia jekundu. Ni la sufu nzito, halina kelele, na ni jekundu kama nyanya iliyoiva. Kombati zake za mabaka atazivaa chini, huko zitafichwa salama. Alinuna siku mbili, akasema kulungu watamcheka. Nikamwambia heri achekwe na kulungu kuliko tumlilie mimi na majirani. Nimeshinda mimi.

Lakini barua yako imenitia wasiwasi. Nakujua unavyokwepa jambo, hata kwenye karatasi unainamisha kichwa. Kama kuna sababu, niambie. Kaz atapanda treni Alhamisi ya tarehe ishirini.

Binti yako,
Lempi


Shambani,
15 Novemba 1958

Mwanangu Lempi,

Ni matumaini yangu hamjambo. Huku theluji imefika magotini na leo nimeandika barua hii mara tatu, mbili nimezitia jikoni kwenye moto.

Mimi sioni nyekundu, mwanangu. Sijawahi kuiona. Nyanya unayoisema, kwangu ina rangi ya majani yake. Koti jekundu msituni ni kitu cheusicheusi kama gome lililolowa, sawasawa na mgongo wa kulungu. Manjano naiona, na buluu naiona. Kampuni ya reli iliponipima macho nilimhonga mwenzangu aninong'oneze rangi za taa, na baadaye nikaacha reli kwa hofu ya kuua watu. Ulidhani niliacha kwa sababu ya goti.

Mwaka 1931 nilikuwa nimekaa kwenye mierezi, mamako ameniletea kahawa. Nikaona mgongo unapita vichakani. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kifyatulio. Mamako hakupiga kelele, aliweka kiganja chake chini ya mtutu akauinua juu, akasema, "Ni mtu, Arvo." Alikuwa jirani yetu Urho, na koti jekundu jipya.

Tangu siku hiyo mamako Hilja alikuja nami kila msimu. Watu walisema tunapendana kama vijana. Tulipendana, lakini mamako alichukia baridi kuliko kitu chochote duniani. Alikuja kuwa macho yangu, akakaa miaka yote hiyo kwenye gogo na mablanketi mawili, na hakunitangaza kwa mtu hata mmoja.

Ningeweza kumwambia Kaz asije. Ningeweza pia kumwambia sababu. Kila nikijaribu, haya inanishinda. Mnunulie la manjano, tafadhali, nami nitamjua.

Baba yako

19 Novemba. Barua hii imekaa mfukoni mwangu siku nne. Leo naipeleka posta, nikiomba iwahi treni ya Kaz.


Milwaukee,
Ijumaa, 21 Novemba 1958

Baba,

Sikuulizi hali. Barua yako imefika saa sita mchana huu, na Kaz aliondoka jana na koti jekundu.

Shambani huna simu, kwa hiyo nimepiga kwenye duka la kijijini kwenu mara kumi na moja. Inalia tu. Najua kwa nini, duka limefungwa na wote wameshahamia kwenye kambi zao kungoja kesho asubuhi, msimu unapofunguliwa. Nimepiga kwa mchungaji wa kanisa lenu, mkewe kasema nyaya za upande wenu zimelala chini kwa theluji na njia haipitiki, ila atajaribu kumpata mtu. Alikuwa akinisikitikia, nikamkatia simu. Naandika kwa sababu mikono yangu haijui ifanye nini kingine.

Kuna jambo nilikuficha na mimi. Sikulifua koti kwa magadi. Nilichukua kipande cha mwisho cha sabuni ya Mama, kile nilichokitoa bafuni kwenu baada ya mazishi, nikalifua hadi kikaisha. Nilifikiri hivi: harufu itawafukuza kulungu, na pasipo na kulungu hakuna atakayefyatua risasi karibu na mume wangu. Nikajiona mjanja. Sasa nimekaa hapa nawaza kwamba nimewafukuza kulungu wote, na msituni kitakachotikisika mbele ya bunduki yako ni Kaz peke yake.

Baba, usiinue bunduki. Najua hutaisoma hii kwa wakati. Usiinue.

Lempi


Shambani,
Jumapili, 23 Novemba 1958

Mwanangu Lempi,

Kaz ni mzima. Nimeanza na hilo. Amelala chumba chako cha zamani, miguu imetokeza nje ya kitanda.

Alifika Ijumaa asubuhi, kabla theluji haijaziba njia, na koti la mjini, lile la kuwindia likiwa mkobani. Nilimuuliza, "Lempi alikupa koti nililomwagiza?" Akasema, "Alinipa, Baba, na vita tulipigana." Nikaridhika. Ningelifungua mkoba nikalitazama, ila niliogopa ataniuliza natazama nini. Alfajiri alilivaa gizani, nami nikampeleka kwenye gogo la mamako, nikamwambia asiondoke hapo mpaka nimfuate. Mimi nikakaa hatua mia mbili chini yake.

Lakini mtu wa mjini vidole vya miguu vikimganda hutembea. Jua lilikuwa limetoka. Nikasikia theluji inavunjika kwenye mierezi, nikaona mgongo, mweusimweusi, umeinama chini ya matawi. Si wa manjano. Niliutafuta umanjano, Lempi, naapa niliutafuta, na haukuwepo. Nikaondoa kizuizi cha bunduki. Kidole kilikuwa mahali pake.

Upepo ulikuwa ukitoka kwake kuja kwangu. Nikanusa sabuni ya Hilja.

Sikufikiri juu ya Kaz wala juu ya barua. Nilifikiri mamako amefika, ameniletea kahawa. Nikainua mtutu juu mwenyewe, kama alivyokuwa akiuinua yeye, nikakaa hivyo huku mgongo ule ukinyooka na kuwa mtu, naye akaniita kwa sauti ya chini, "Baba, una kahawa?"

Niliilaza bunduki kwenye theluji, nami nikalala kando yake. Alidhani nimepatwa na shambulio la moyo.

Nimemwambia yote jana tukiwa sauna, kwenye mvuke wa mawe ya moto, ambapo mtu hukaa uchi na hawezi kuficha kitu. Akauliza, "Ulikuwa umelenga?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje bila viatu, nikamsikia anatapika kwenye theluji. Aliporudi alikaa karibu yangu, si benchi la mbali, akamwaga maji kwenye mawe. Utaishi naye, ataamka usiku mara nyingine, na wewe utajua kwa nini.

Bunduki nimemkabidhi Urho, na yeye pia nimemwambia. Alicheka sana, halafu akaomba aketi.

Kaz atarudi Jumanne na kombati zake za mabaka. Koti nimemwomba aniachie. Limetundikwa jikoni kwenye msumari wa mamako, na bado linanukia. Jana nilikula nimekaa. Kaz anasema ni jekundu sana.

Baba yako