Viluwiluwi wa Vyura Kijitoni

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Usagara tu wazima, baba yako mdogo amerudi salama kutoka Nansio, na yule ng'ombe mweusi amezaa.

Unauliza kama huo mto mnaousafisha huko Dar utapona kweli. Ngoja nikwambie la kwetu. Enzi za vijiji vya ujamaa tulijenga josho juu ya kijito, tukisema ng'ombe wakishaogeshwa wateremke kunywa palepale. Dawa ya kupe nayo ikateremka, samaki wakaelea. Taabu ya kufuata maji mbali sikuelezi.

Tulihamisha josho, tukazoa tope lote lenye sumu kwa makarai, tukalifukia mbali na mashamba na kuzungushia ua wa minyaa. Kisha tukangoja. Mvua zikapita, maji yakawa meupe kabisa, lakini mama mkwe wangu alitukataza kuyagusa.

"Maji yasiyo na mdudu hata mmoja, mnayaita mazuri?"

Asubuhi moja tukamsikia akipiga yowe kijitoni. Tukakimbia tukidhani mtu amezama. Tukamkuta kapiga magoti, kibuyu mkononi, ndani yake viluwiluwi wa vyura wanacheza. Walewale tuliokuwa tukiwachuja kwa kanga huku tukiwalaani! Nililia, Neema, na wanaume wazima walicheka kama watoto.

Nikainamisha ndoo yangu nichote. Akanishika mkono, kisha akawamimina taratibu majini.

"Leo rudi na ndoo tupu," akasema. "Wenye kijito ndio kwanza wamefika. Waache wakae."

Bibi yako