Santuri Iliyokutwa kwenye Rafu ya Kigeni

CHAMA CHA WASIKILIZAJI WA SANTURI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Chumba cha nyuma, dukani kwa Fundi Redio

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu), Fundi Redio (mtunza santuri), Shemeji (mshonaji, mjane wa mdogo wake Mwenyekiti), Katibu (muuguzi).
Hakuhudhuria: Dereva. Alituma taarifa kwamba jino linamuuma. Jino hilo huuma Jumamosi tu.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao na kuwaonya wajumbe wasiongee santuri ikipigwa. Alimtazama Katibu. Katibu alitazama dirishani.

KUMB. NA. 4/2: KUPUNGUZA SANTURI
Fundi Redio alieleza kwamba rafu zimeelemewa na mkewe amechoka. Alipopekua rafu ya santuri za kigeni alikuta santuri ambayo chama kizima kilikuwa kimeisahau. Jaladani wapo wageni watatu na fidla, filimbi na ngoma zao. Pembeni kabisa, bega limekatwa na ukingo wa picha, yupo marehemu mdogo wake Mwenyekiti na gitaa lake. Waliirekodi pamoja. Iliwekwa rafu hiyo kwa sababu chama hupanga santuri kwa kutazama picha ya jalada. Aliyeipanga ni Mwenyekiti.

Mwenyekiti alisema itolewe. Alidai kwamba mdogo wake alikwenda kuwapigia wageni muziki wao, na suala hilo lilikwisha kuzungumzwa. Shemeji alisema halikuzungumzwa, lilinuniwa tu. Tangu santuri itoke mpaka msiba, ndugu hao hawakusemeshana.

"Shemeji, uliwahi kuisikiliza?" mjane alimuuliza Mwenyekiti.

Mwenyekiti alijibu kwamba swali hilo halimo kwenye ajenda. Shemeji alilirudia.

"Sikuisikiliza," Mwenyekiti alisema.

Fundi Redio alikumbusha kwamba kwa sheria ya chama, santuri haitolewi kabla ya kusikilizwa pande zote mbili, na sindano ikishawekwa hainyanyuliwi. Mwenyekiti alikubali shingo upande, maana sheria hiyo aliitunga yeye.

KUMB. NA. 4/3: KUSIKILIZA
Upande wa kwanza Mwenyekiti aliusikiliza akiwa amekunja mikono. Kwenye wimbo wa mwisho wa upande wa pili, gitaa lilianza peke yake, taratibu, na wimbo aliokuwa akiuimba mama yao akifua nguo. Mwenyekiti aliikunjua mikono. Fidla ilijaribu kuingia, ikakosea, ikangoja, kisha ikaja nyuma ya gitaa. Marehemu alisikika akicheka na kusema, "Sasa umepata." Katibu alishikwa na uchungu, na anaandika hivyo hata kama si desturi.

Mwenyekiti alivunja sheria ya kunyamaza. Alisema, "Kumbe alikuwa anawafundisha muziki wetu." Hakuna aliyemkemea.

KUMB. NA. 4/4: MENGINEYO
Iliamuliwa kwamba santuri ibaki. Mwenyekiti aliomba ipigwe tena. Fundi Redio alisema chama hakirudii santuri siku hiyohiyo.

Shemeji alieleza kwamba nyumbani kwake ipo nakala nyingine, ambayo marehemu alimtengea kaka yake na kukataza isiguswe. Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakupelekewa miaka yote hiyo.

"Alisema utakuja mwenyewe."

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili jioni na Fundi Redio, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa ameshatangulia mlangoni kumsubiri shemeji yake.

Mwenyekiti: (atasaini akirudi)
Katibu: (amesaini)